Waya Usiokaa

Jamhuri ya Maringoni haipo. Wizara yake ya Mambo ya Nje imeshalithibitisha jambo hilo kwa barua yenye mihuri mitatu, kwa hiyo msomaji atakayeona humu waziri anayefanana na waziri wake, au barabara inayofanana na ile iliyomvunjia shoksapu, anaombwa atulie. Ni macho yake tu.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo aliishi mtu mmoja jina lake Nuhu Mwakisu. Kazi yake ilikuwa kupima mvua. Si kazi ngumu huko Maringoni, kwa sababu kiasi cha mvua hutangazwa na serikali kabla haijanyesha, na mpimaji hutakiwa tu kumwaga maji yaliyozidi au kuongeza yaliyopungua mpaka kipimo kikubaliane na tangazo. Nuhu aliifanya kazi hiyo kwa uadilifu miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu mpole, mwenye kipara na sauti ya kuomba radhi, na angepita duniani bila kumkera wala kumfurahisha mtu, kama si pikipiki yake aina ya Tufani.

Maringoni kuna pikipiki za chapa mbili tu. Kuna Tufani, ambazo ni za buluu, na kuna Kishindo, ambazo ni nyekundu. Zote zina magurudumu mawili, taa moja mbele na kiti kirefu, lakini mtu mwenye akili zake hawezi kuzichanganya, maana hizi ni za buluu na zile ni nyekundu. Watu wa Tufani hupungiana kwa mkono wa kushoto na kunywa chai ya maziwa. Watu wa Kishindo hupungiana kwa mkono wa kulia na kunywa chai ya rangi. Kila upande una vituo vyake vya mafuta. Gari la kuleta mafuta lilikuwa moja kwa nchi nzima. Liliingia kituo cha Tufani likiwa na bendera ya buluu, likatoka, likabadilishwa bendera nyuma ya ukuta, kisha likaingia cha Kishindo, na waendeshaji wa pande zote mbili waliapa kwamba mafuta ya wenzao yananuka.

Kuulinda utaratibu huo kulikuwa na Wizara ya Chapa na Uaminifu, na wizara ilikuwa na Sheria ya Kutofanana. Kifungu cha nne kilisema kwamba hakuna kitu cha Tufani kinachoweza kuingia kwenye Kishindo, wala cha Kishindo kwenye Tufani. Kifungu cha tano kilisema kwamba atakayekiingiza atafungwa miaka sita kwa kosa la kueneza ufanano. Wanasheria wa nje waliwahi kuuliza kwa nini kinakatazwa kitu kisichowezekana. Waliandikiwa kwamba wanaingilia mambo ya ndani.

*

Kila mwaka, baada ya mavuno, waendeshaji wote walifanya Ziara Kuu: wiki nzima barabarani, kilomita elfu mbili kuizunguka nchi, na mwisho wake ni gwaride mbele ya Mtukufu Rais katika mji mkuu, Sifani. Nuhu hakuwahi kukosa. Kwa siku hizo saba hakuwa mpima mvua. Alivaa koti la ngozi, akafunga mabegi pembeni, akasikia upepo umemjaa kifuani, na hata sauti yake ikashuka kidogo.

Mwaka ule, siku ya mwisho, saa tatu asubuhi, katikati ya Nyika ya Mkole ambako hakuna nyumba wala kivuli, Nuhu alizungusha mkono wa kulia na injini isimsikie. Akazungusha tena. Waya wa mafuta, ule unaotoka mkononi kwenda kwenye kabureta, ulikuwa umekatika. Kutoka pale mpaka Sifani zilibaki kilomita mia tatu na kumi na mbili. Kibao kilikuwa palepale kinasema hivyo.

Wenzake wa Tufani walisimama, maana walikuwa watu wenye utu. Mwenyekiti wao, Kamanda Ludoviko Mbegani, ambaye hakuwahi kuwa jeshini lakini alipenda kofia, alishuka akaitazama pikipiki kwa huzuni.

"Nani ana waya wa akiba?" Nuhu aliuliza.

Wote wakamgeukia Kamanda.

"Ndugu Mwakisu," Kamanda alisema, "Tufani haiharibiki. Kubeba spea ni kuitilia chapa shaka. Umesahau katiba ya klabu?"

"Sijasahau, Kamanda. Lakini imeharibika."

"Haijaharibika. Imekawia." Akamshika bega. "Na wewe umekawia nayo kwa hiari. Ndivyo nitakavyoandika kwenye taarifa, ili kulinda jina lako."

Wakamwimbia wimbo wa klabu, beti zote tano, wakampungia mkono wa kushoto, wakaondoka. Vumbi lilipotulia Nuhu aligundua kwamba hawakumwachia hata maji.

Ikapita saa ya kwanza. Jua la Mkole halina adabu. Linaanza na kipara. Chupa yake ilikuwa na maji ya vidole viwili, akayanywa, kisha akajuta. Waendeshaji wa Kishindo walianza kupita, makundi kwa makundi, na kila kundi lilipomkaribia liligeuza shingo upande wa pili, kwa kuwa kuangalia chapa ngeni iliyokwama kulihesabiwa kuwa ushangiliaji, na ushangiliaji ulihitaji kibali. Nuhu hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amegeuza shingo miaka kumi na tisa.

Saa tano hivi ikaja Kishindo moja peke yake, taratibu, ikasimama.

Mwendeshaji alivua kofia ngumu. Alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, mwenye kilemba chini ya kofia na mikono myeusi kwa grisi isiyotoka tena.

"Shikamoo, mama," Nuhu alisema, kwa kuwa heshima haikuwa imetajwa kwenye Sheria ya Kutofanana.

"Marahaba, mwanangu. Umekwama?"

"Hapana, mama. Naipumzisha."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

Mama akatazama jua, akatazama midomo ya Nuhu iliyopasuka, akampa kibuyu cha maji. Nuhu akanywa mpaka macho yakamtoka machozi. Mama alikuwa ameshapiga magoti kando ya pikipiki.

"Waya wa mafuta," akasema. "Ninao mmoja."

"Wa Kishindo?"

"Sasa ningekuwa na wa nini? Wa cherehani?"

"Hautaingia, mama."

"Nani kasema?"

"Wizara."

"Wizara imewahi kufunga waya?"

Aliitwa Bi Tunu Masheko, na alikuwa na karakana huko Kitongani ambako alifunga na kufungua pikipiki kwa miaka thelathini. Alifanya kazi huku anaongea, anamsimulia habari za mkwe wake anayekoroma, na mikono yake ilikwenda kama haimhusu. Akauingiza waya mwekundu. Nuhu alifumba macho. Alitegemea mlipuko, au walau moshi. Waya ukaingia bila ubishi, ukakaa mahali pake kama umezaliwa pale. Bi Tunu akakaza nati, akalegeza robo, akakaza tena.

"Washa."

Tufani ikaunguruma.

Nuhu aliona jambo lililomwogopesha kuliko jua: pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri kuliko jana. Na alipoinama kumsaidia mama kukusanya spana, aliona ubavuni mwa ile Kishindo mchubuko wa zamani, rangi nyekundu imebanduka, na chini yake kuna buluu.

"Mama, hii…"

"Zinashuka melini zote za buluu," Bi Tunu alisema, anapangusa mikono. "Nyekundu inapakwa bandarini. Nenda zako mwanangu, utachelewa gwaride."

*

Alifika Sifani saa kumi na moja jioni, amechoka, amejaa vumbi na shukrani. Na shukrani ndiyo iliyoharibu kila kitu. Kwenye lango la mji alikuwepo mkaguzi wa Wizara, akaona kitu chekundu kwenye kitu cha buluu, akauliza ni nini. Mtu mwerevu angesema ni utepe wa harusi. Nuhu akasema, kwa moyo mweupe kabisa:

"Ni waya. Nilikwama Mkole, akanisaidia mama mmoja wa Kishindo, Mungu ampe maisha marefu. Anaitwa Bi Tunu Masheko, wa Kitongani."

Mkaguzi aliandika kila neno, pamoja na dua.

Bi Tunu alikamatwa kesho yake akiwa kwenye foleni ya chai ya rangi. Nuhu alisikia habari hizo redioni, akiwa mezani kwake, na uji ukampalia. Akamwambia mke wake, Zamda:

"Nimemuuza mtu aliyeninywesha maji."

"Ulikuwa unamshukuru."

"Basi nimemuuza kwa kumshukuru."

Siku tatu baadaye aliitwa kwa Waziri wa Chapa na Uaminifu, Mheshimiwa Daktari Pantaleo Kirumbi. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, kama ukamanda wa Mbegani, na ofisi yake ilikuwa na viti vya buluu upande mmoja, vyekundu upande wa pili, na cha kwake katikati kilichofunikwa kitambaa cheupe.

"Ndugu Mwakisu," Waziri alisema, "umetuletea maradhi. Yule mama akipatikana na hatia, maana yake waya uliingia. Waya ukiwa uliingia, kifungu cha nne ni cha uongo. Kifungu cha nne kikiwa cha uongo, wizara hii ni ya nini? Nina watumishi elfu sita. Wana familia."

"Basi asifungwe, Mheshimiwa," Nuhu alisema haraka.

"Ndiyo hivyo. Waya haukukaa. Mama alijaribu, kwa ujinga, ukakataa. Kujaribu si kosa. Anarudi kwake."

Nuhu alishusha pumzi iliyokuwa imekwama tangu siku ya uji. Kisha akafikiri kidogo, jambo ambalo hakuzoea kulifanya mbele ya wakubwa.

"Lakini Mheshimiwa, nilifika Sifani siku ileile. Kama waya haukukaa, nilifikaje?"

"Hilo ndilo ulilokuja kutueleza."

Waziri alimtazama kwa upole kama mwalimu anayesubiri mtoto amalizie hesabu.

"Nilisukuma?" Nuhu alisema.

"Sema tena, bila kuuliza."

"Nilisukuma."

"Unaona? Uzalendo ulikuwemo ndani yako siku zote."

*

Mahakama ilijaa. Upande wa buluu walikaa kushoto, wekundu kulia. Bi Tunu alisimama kizimbani amevaa kitenge kisafi, na mikono yake ileile. Nuhu alikula kiapo, akaeleza mbele ya watu wote jinsi waya ulivyokataa kuingia, jinsi ulivyolegea, ulivyotoka, ulivyodondoka, na jinsi yeye alivyoisukuma Tufani yake kilomita mia tatu na kumi na mbili, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa mapenzi ya chapa.

Hakimu, ambaye alikuwa mtu makini, aliuliza kama jambo hilo linawezekana. Akaletwa profesa wa Chuo Kikuu. Profesa alipiga hesabu ubaoni, akapata mwendo wa kilomita thelathini na tisa kwa saa, akavua miwani, akaivaa, akasema kwamba kwa mtu wa kawaida ni vigumu, lakini sayansi haijakamilisha utafiti kuhusu mtu mwenye chapa moyoni. Watu walipiga makofi.

Mshtakiwa aliachiwa huru. Hakimu alimwonya kwa ukali kwamba siku nyingine asifunge nyaya zisizokaa.

"Mheshimiwa Hakimu," Bi Tunu alisema, "naomba kusema."

"Umeshinda, mama. Mtu aliyeshinda hana la kusema."

Akamgeukia Nuhu. Nuhu alikuwa amejiandaa kwa tabasamu la mama, hata alikuwa ameshaanza kulijibu. Halikuja. Mama alimtazama kama fundi anavyotazama nati iliyoharibiwa na mpumbavu, akakusanya kitenge chake akatoka.

Kuhusu waya wenyewe, Wizara ilikaa vikao viwili. Kuutoa kungekuwa kukiri kwamba umo. Ikaamuliwa ubaki palepale na usionekane.

*

Basi Nuhu akawa shujaa. Alipewa nishani na cheo cha Msukuma Mkuu, akasimamishwa kupima mvua kwa mshahara uleule, na picha yake akiinama nyuma ya usukani wa Tufani ikabandikwa mashuleni. Kamanda Mbegani alieleza kwenye redio kwamba siku ile hawakumwacha, walimpa nafasi.

Mwaka uliofuata klabu ya Tufani ilitangaza kwamba haiwezekani shujaa asukume halafu wanachama wapande kama watalii. Ziara Kuu yote, kilomita elfu mbili, watasukuma. Watu wa Kishindo walicheka siku mbili. Siku ya tatu walitangaza kwamba wao watasukuma huku wameshika breki kidogo. Ziara ya wiki moja ikawa ya miezi mitatu. Ofisi zilifungwa, harusi ziliahirishwa, na Wizara ilitoa takwimu kwamba ajali za pikipiki zimekwisha kabisa, nchi ya kwanza duniani.

Nuhu alikuwa mbele ya wote. Jioni moja, baada ya ziara ya pili, Zamda alimkanda magoti kwa maji ya moto na chumvi.

"Pikipiki yako ni nzima?" alimuuliza.

"Nzima."

"Ina mafuta?"

"Tangi limejaa. Ni lazima lijae, ili isisemwe kwamba tunasukuma kwa kukosa mafuta."

Zamda akaongeza chumvi kwenye maji.

"Na yule mama umewahi kwenda kumwona?"

Hakuwa amewahi. Alikuwa na sababu nyingi, zote nzuri. Wiki ile alipanda basi akaenda Kitongani.

Karakana aliikuta wazi na tupu. Spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, zinang'aa. Bi Tunu alikuwa amekaa juu ya tairi, anashona mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kusukumwa?"

Nuhu akakaa chini bila kukaribishwa. Alieleza yote: mkaguzi, Waziri, viti, kifungo cha miaka sita. Alieleza kwamba alidanganya ili kumwokoa. Mama alishona mpaka akamaliza.

"Umeona mteja humu?"

"Sijaona."

"Miaka thelathini walikuja wekundu mchana kweupe na wa buluu kwa mlango wa uani. Sasa hawaji wote. Wanasema, yule ndiye wa nyaya zisizokaa. Mahakama imesema. Watoto wa shule wanasoma kitabuni, mwanangu! Mjukuu wangu amekuja nacho hapa: fundi mmoja mjinga alifunga waya ukadondoka."

"Wangekufunga miaka sita."

"Ningetoka na sitini na tisa. Mikono ningekuwa nayo." Akainyoosha mbele yake, akaitazama. "Wewe umenitoa jela, nashukuru. Lakini ule waya nilikaza, nikalegeza robo, nikakaza tena. Uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Ulikaa au haukukaa?"

Nuhu alitazama mlangoni kabla ya kujibu. Hakukuwa na mtu. Hata hivyo alijibu kwa sauti ya chini, "Ulikaa."

"Unaona? Hata mimi na wewe tukiwa peke yetu unaninong'onezea," Bi Tunu alisema, akachukua mto mwingine.

*

Ziara ya tatu ilipangwa imalizikie Sifani kwa njia mpya, ipitie mlima wa Kikwata, ili Mtukufu Rais, aliyekaa jukwaani chini ya mlima upande wa pili, awaone wazalendo wakiteremka. Walikuwa elfu nne. Walisukuma tangu alfajiri, wa buluu upande huu wa barabara, wekundu upande ule na breki zao, na harufu yao ilifika kileleni kabla yao.

Nuhu alifika juu wa kwanza. Miguu ilikuwa haimtii. Mbele yake barabara ilikuwa mpya, laini, inashuka kilomita mbili nzima mpaka kwenye bendera. Aliinua mguu kuanza kushuka, na pikipiki ikamtangulia, maana mteremko haujui sheria. Akaivuta. Ikamburuza. Akaona mambo mawili kwa mpigo: ama aiachie ikaue mtu, ama aipande.

Hivyo ndivyo angeweza kusema baadaye, kwamba ilimlazimu. Lakini hakusema, kwa sababu si kweli. Alikuwa na breki. Mkono wake ulikuwa umeshazishika, na pikipiki ilikuwa imeshaanza kutulia, alipokumbuka ile mikono iliyonyooshwa juu ya mto. Akaachia breki. Akarusha mguu, akakaa, akatia gia ya pili, akazungusha mkono wa kulia.

Injini ilimsikia. Ilimsikia mara moja, miaka mitatu haijaguswa na mtu, ikaunguruma mpaka wapiga ngoma wa jukwaani wakanyamaza. Upepo ukamjaa kifuani. Nuhu Mwakisu, mpima mvua, alipiga kelele ambazo hakuzijua kama anazo.

"Ulikaa!" alipiga kelele. "Waya ulikaa! Bi Tunu aliufunga na ulikaa!"

Kule kileleni watu elfu nne walikuwa wamesimama midomo wazi. Kisha Kishindo moja ikateremka. Halafu Tufani mbili. Halafu hakuna aliyehesabu. Mlima mzima uliwaka, na kwa masikio hakuna binadamu ambaye angeweza kusema hii ni ya buluu au ile ni nyekundu. Kamanda Mbegani alibaki juu akipiga filimbi, mpaka alipoona yuko peke yake, naye akapanda.

Jukwaani mawaziri waliganda. Mheshimiwa Kirumbi alikuwa amefumba macho, anasali kwa chapa zote mbili. Ndipo Mtukufu Rais, ambaye hakuwa amesoma ratiba, akafurahi sana akaanza kupiga makofi. Mawaziri wakapiga makofi. Majenerali wakapiga makofi. Kirumbi alifumbua macho, akaelewa hali ya hewa, akapiga makofi kuliko wote, na kabla vumbi halijatulia alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Watukufu," alisema, "mlichokishuhudia ni hatua mpya ya sera yetu, iliyoandaliwa kwa muda mrefu na wataalamu wa Wizara. Inaitwa kusukuma kwa kukaa!"

*

Nuhu hakusubiri nishani. Alipita jukwaa, akapita mji, akaenda moja kwa moja mpaka Kitongani. Bi Tunu alikuwa ameshasikia redioni. Alikuwa amefungua mlango wa uani pia. Hakusema ahsante. Aliinama, akausikiliza mngurumo wa Tufani kwa sikio moja, akasema, "Mafuta yanazidi kidogo," akarekebisha. Kisha akaitoa Kishindo yake nje, akafunga kilemba.

"Kesho asubuhi twende mahakamani," alisema.

"Mama, wameshasema ni sera. Hakuna tena kesi."

"Ndiyo maana twende."

Walikwenda bega kwa bega, buluu na nyekundu, barabara nzima wakisukuma kwa kukaa. Hakimu alikuwa yuleyule. Nuhu alisimama akasema kwamba alikuja kukiri: alidanganya chini ya kiapo, hakusukuma hata hatua moja, alipanda, na waya ulikaa. Alikuwa amebeba mswaki na blanketi kwa ajili ya jela.

Hakimu alifungua jalada, akatafakari kwa muda mrefu, akashauriana na simu.

"Mahakama imekusikia," alisema. "Unakiri kwamba ulipanda. Lakini kwa mujibu wa sera ya jana, kupanda ni kusukuma kwa kukaa. Uliposema ulisukuma, ulisema kweli. Mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa kusema kweli. Nenda nyumbani."

"Lakini nilidanganya, Mheshimiwa!"

"Ukirudia maneno hayo nitakufunga kwa kujisingizia."

Nuhu alikaa kama gunia. Hata uongo wake walikuwa wamemnyang'anya. Akamtazama Bi Tunu, akitegemea kumwona amevunjika, lakini mama alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa Hakimu, sasa kwa kuwa tumekubaliana kwamba alipanda, waya ulikaa au haukukaa?"

Hakimu alitazama simu. Simu haikumsaidia. Alitazama kwenye sera ya jana, ukurasa mmoja tu, na waya haukutajwa popote.

"Ulikaa," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayevuliwa jino.

"Naomba iandikwe."

"Iandikwe."

"Na jina la fundi."

Karani aliandika. Bi Tunu akasogea mpaka mezani kwake, akakunja mikono juu ya kitenge, ile mikono yenye grisi isiyotoka.

"Nisomee, baba."

Karani alikohoa. "Waya ulikaa. Fundi, Tunu binti Masheko, wa Kitongani."

"Sijasikia vizuri," alisema mama ambaye jana alikuwa amesikia mafuta yanazidi kidogo.

Karani akasimama, akavuta pumzi, akaisomea mahakama nzima.